Kitunguu chenye kloroplasti: kisa cha somo la seli kidato cha kwanza

Mchoro wenyewe ulikuwa safi. Penseli imechongwa vizuri, mistari ya majina imepigwa kwa rula, majina yote yamepangwa upande wa kulia. Juu yake mwanafunzi ameandika kwamba hizi ni seli za utando wa kitunguu maji jinsi zilivyoonekana kwenye hadubini, ukuzaji mara 100. Ndani ya seli kuna kiini, vakuoli (mfuko wa maji wa seli), mitokondria tatu (sehemu zinazoipa seli nguvu) zenye mikunjo yake ya ndani, na kloroplasti tano (sehemu zinazotengeneza chakula kwa mwanga) zilizopakwa kijani. Chini kuna vema nyekundu na alama 9 kati ya 10.

Utando ule hauna kloroplasti. Kitunguu tunachokata jikoni ni majani yaliyonenepa kwa kuhifadhi chakula, wala hayashughuliki na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Na mikunjo ya mitokondria haionekani kwa hadubini ya shule hata ukikodoa macho mpaka jioni, kwa sababu inahitaji hadubini ya elektroni. Kwa hiyo kijana huyu alichora vitu viwili ambavyo hakuviona, kimoja hakikuwepo kabisa, na akapewa alama karibu zote.

Hakuwa peke yake. Nilipopitia daftari za darasa zima, michoro iliyofanana na ule ilikuwa mingi kuliko isiyofanana.

Shule ni ya kata, mkoani Morogoro. Darasa lina wanafunzi zaidi ya 60 wa kidato cha kwanza, wengi wa miaka 13 na 14. Maabara ina meza za zege na hadubini moja inayofanya kazi, ya ile aina ya zamani yenye kioo cha kuelekezea mwanga. Mwalimu wa biolojia ni dada kijana, anaijua biolojia yake na anaipenda, na wanafunzi wanampenda. Aliniomba nikae nyuma ya darasa kwenye vipindi vyake vya seli, kwa sababu alikuwa anaona jambo ambalo halijamkaa sawa: wanafunzi wanajibu vizuri kila swali la kitabuni, lakini ukiliuliza swali hilohilo kwa njia nyingine wananyamaza.

Vipindi vilikuwa viwili vya mfululizo. Katika cha kwanza alichora ubaoni seli ya mmea na ya mnyama, akaandika majina na kazi za kila sehemu, na wanafunzi wakanakili. Katika cha pili walipanga foleni kwenye hadubini. Hapa hesabu inasema yenyewe: dakika 40 kwa wanafunzi 60 ni sekunde 40 kwa kila mmoja, na hapo hujatoa muda unaopotea kila mtu anapogusa skrubu na picha ikafifia.

Nilisimama karibu na hadubini nikawa namuuliza kila anayetoka ameona nini. "Nimeona seli." Zikoje? Hapo macho yanageukia ubaoni, na jibu linasomwa kutoka ubaoni: zina kiini, zina ukuta, zina saitoplazimu (ule ute wa ndani ya seli). Binti mmoja alikuwa ameona kope zake mwenyewe. Vijana kadhaa walikuwa wameona duara kamili lenye ukingo mweusi mzito, yaani kiputo cha hewa kilichonaswa chini ya kifuniko cha kioo, na wote walikichora kama seli. Huo ukingo mweusi wakauita ukuta wa seli. Huwezi kuwalaumu, maana kati ya vyote vilivyokuwepo pale, kiputo ndicho kilichofanana zaidi na picha ya kitabu.

Kijana mmoja alitoka akasema, "Madam, mimi nimeona kama ukuta wa matofali tu." Wenzake wakacheka. Akarudi mezani na kuchora kilichokuwa ubaoni.

Ukieleza kisa hiki kwenye ofisi ya walimu, jibu la kwanza utakalopewa ni vifaa. Hadubini moja kwa watoto 60, ulitegemea nini? Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini hayaelezi kilichotokea. Yule kijana wa matofali aliona vizuri kabisa ndani ya sekunde zake 40. Hata angepewa hadubini yake peke yake kwa saa nzima, bado angekuwa na picha ya ubaoni mbele yake, yenye mamlaka ya mwalimu na ya kitabu, na angeamini kwamba macho yake ndiyo yenye hitilafu. Tatizo la somo lile lilikuwa mpangilio. Jibu lilitolewa kabla ya kutazama, na kutazama kukabaki sherehe ya kuthibitisha.

Kulikuwa na kitu kingine chini yake, na hicho sikukiona mpaka baada ya kengele. Niliwabakiza wanafunzi wachache nje, tukazungumza Kiswahili bila daftari. Swali langu lilikuwa moja: seli ziko wapi?

"Ziko ndani ya kitunguu, mwalimu."

Tukizitoa zote, kinabaki nini?

Wakatazamana. Mmoja akasema kinabaki kitunguu kilichokufa. Mwingine akasema yanabaki maji na maganda. Wa tatu, baada ya kufikiri sana, akasema kinabaki kitunguu lakini hakitaota tena. Hakuna aliyesema hakibaki kitu. Nikauliza kuhusu miili yao. Damu ina seli, wote walikubali haraka. Ngozi, labda. Mfupa? Hapana, mfupa ni mgumu. Nyama? Wakagawanyika.

Kwao seli ni kitu kinachokaa ndani ya mwili kama wadudu wa malaria wanavyokaa ndani ya damu. Mwili ni kitu kimoja, seli ni wapangaji wake. Kwa mtazamo huo ule utando uliojaa visanduku vilivyobanana kutoka ukingo hadi ukingo hauna maana yoyote, kwa sababu mwanafunzi anatafuta seli zilizotawanyika ndani ya kitunguu, naye anaonyeshwa kitunguu chenyewe.

Wameipata wapi fikra hii? Nadhani wameipata kwetu. Mtoto hukutana na seli mapema kwenye mada ya damu, na seli za damu kweli zinaelea ndani ya kimiminika. Halafu anafika kidato cha kwanza na kuonyeshwa seli moja, imechorwa peke yake katikati ya karatasi nyeupe, haina jirani kushoto wala kulia. Kitabu hakisemi uongo, lakini kila kitu kwenye ukurasa ule kinamwambia mtoto kwamba seli ni kitu kinachojitegemea na kuelea.

Picha ile ina kasoro ya pili ambayo sisi walimu tumeizoea mno hata hatuioni, nayo ni vipimo. Seli ya utando wa kitunguu ina urefu wa kama robo hadi theluthi moja ya milimita. Chukua milimita 0.3. Mitokondria ina upana wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, mara nyingi chini ya hapo. Sasa chora seli hiyo ubaoni kwa urefu wa sentimita 30, yaani kuikuza mara 1,000. Kiini kitakuwa na upana wa sentimita moja na nusu hadi mbili, na mitokondria zitakuwa nukta za chaki zenye upana wa milimita moja au pungufu. Vakuoli itachukua karibu nafasi yote, kwa sababu katika seli ya mmea iliyokomaa inaweza kufika asilimia 90 ya ujazo wa seli, na saitoplazimu inabaki utando mwembamba uliosukumwa pembeni. Linganisha na mchoro wa kawaida ambamo mitokondria moja inakaribia robo ya kiini na vakuoli imewekwa kona moja ili sehemu nyingine zipate nafasi ya kuandikwa majina. Mchoro huo umetengenezwa ili majina yaenee, na kwa kazi hiyo unafaa. Kumwambia mtoto aende akautafute kwenye hadubini ndipo tunapomwonea.

Kwa sababu hiyohiyo siwi na furaha sana ninapoona mashindano ya kufinyanga seli kwa udongo au kuipamba kwenye sinia kwa matunda. Zinapendeza, wazazi wanapiga picha, na mtoto anarudi nyumbani akiwa na uhakika zaidi kwamba seli ni sahani moja yenye vitu vya rangi juu yake. Ukitaka kufinyanga, fanya darasa zima lifinyange seli nyingi na kuzibananisha mpaka zitengeneze kitu.

Mwalimu aliamua kurudia somo, na safari hii tulipanga pamoja. Alifuta ubao. Vitabu vikafungwa. Kitunguu kilikuwa kilekile cha sokoni, chekundu, na hapa tulikuwa na bahati ambayo wenzetu wanaotumia vitunguu vyeupe hawana. Vitunguu vingi vya masoko yetu ni vyekundu, na ule wekundu wa zambarau uko kwenye utando wa upande wa nje wa tabaka, ndani ya vakuoli za seli. Somo la kwanza lilitumia utando wa upande wa ndani, ambao unachunika kirahisi lakini hauna rangi, hivyo unahitaji iodini ya kutia rangi ili kiini kionekane. Utando wa nje ni msumbufu kidogo. Unavunja kipande cha tabaka kwa vidole bila kukikata mpaka mwisho, kisha unavuta taratibu, na kipande kinachokuja kikiwa chembamba, cha zambarau, chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kinatosha. Tone la maji, kifuniko cha kioo kilichoshushwa kwa mshazari ili hewa itoke, basi. Rangi umeshapewa bure.

Kabla hawajatazama, kila mwanafunzi aliandika anategemea kuona nini. Halafu swali la kwenye hadubini likabadilika. Hawakuulizwa tena wanaona nini. Waliulizwa: kati ya seli moja na nyingine kuna nini?

Swali hilo lilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Ukiulizwa unaona nini, utajibu kwa jina ulilokariri. Ukiulizwa kati yake kuna nini, lazima urudi kutazama, na ukirudi unakuta hakuna kitu. Ukuta unagusana na ukuta. Hakuna sehemu ya kitunguu iliyobaki nje ya seli. Binti mmoja aliyekuwa amesema nje siku ile kwamba yatabaki maji na maganda alisogeza kioo huku na huku, akilalamika kwamba picha inakwenda kinyume na mkono wake, akakaa pale mpaka foleni ikaanza kupiga kelele. Alipoinuka akasema, "Madam, hakuna kitunguu hapa. Ni zenyewe tu."

Foleni haikuisha kwa miujiza. Mwalimu aliegesha kamera ya simu yake kwenye lenzi ya jicho, jambo linalohitaji mkono mtulivu na subira, akapiga picha kadhaa na kuzipeleka steshenari kuchapishwa nyeusi na nyeupe. Kipindi kilichofuata kila kundi lilikuwa na karatasi yake. Kundi moja linatazama hadubini, mengine yanahesabu kwenye picha. Kuhusu mwanga, kioo kilielekezwa kwenye anga nyeupe ya dirishani na kamwe si kwenye jua lenyewe, kwa sababu jua likipita kwenye lenzi linaweza kuharibu jicho la mtoto. Hilo liliandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa meza.

Kupima kulifanyika kwa rula ya plastiki ya kawaida. Ukiiweka chini ya lenzi ndogo kabisa, unahesabu milimita zinazoenea kwenye duara la mwanga. Hadubini ile ilionyesha kama milimita 4 na nusu kwa ukuzaji mara 40. Ukipanda mara 100, duara linapungua hadi milimita 1.8. Wanafunzi wakahesabu seli zilizolala mstari mmoja kukatiza duara, makundi mengi yakapata sita, na milimita 1.8 ukigawa kwa 6 ni 0.3. Yaani kama seli tatu kwa milimita moja ya rula iliyo mikononi mwao. Kuna aliyekunja uso papo hapo: mbona kitabu kinasema seli haionekani bila hadubini? Milimita 0.3 inakaribia nukta ya penseli iliyochongwa vizuri. Mwalimu akampa kipande cha utando akakishike kuelekea dirishani. Aliona vipunje vidogo vidogo, au alidhani ameviona. Sikuona haja ya kumkatalia, maana jicho la binadamu linaweza kutofautisha vitu vilivyoachana kwa kama milimita 0.1. Seli nyingi za mwili wake yeye ndizo zisizoonekana. Ya shavuni ina upana wa takriban milimita 0.05 au 0.06, na chembe nyekundu ya damu haifiki 0.01.

Kisha chumvi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mezani ndani ya nusu glasi ya maji. Tone linawekwa upande mmoja wa kifuniko, kipande cha karatasi ya chooni kinagusishwa upande wa pili ili kivute, na maji ya chumvi yanapita juu ya utando wakati mtu anatazama. Baada ya dakika chache zambarau inaanza kujitenga na ukuta. Inasinyaa kuelekea katikati, inakuwa tone jeusi zaidi ndani ya kisanduku ambacho hakijabadilika. Ukuta umebaki palepale, na ndani yake kuna mfuko umetoa maji.

Mpaka hapo utando wa seli ulikuwa neno tu kwa darasa hili, kitu kinachochorwa kwa mstari wa pili pembeni ya mstari wa ukuta. Sasa walikiona kikifanya kazi: kinaachia maji, kinazuia rangi. Mwalimu akarudisha maji safi kwa njia ileile, na baadhi ya seli zikajaa tena. Nyingine hazikujaa. Katika kundi moja mtu alikuwa ameweka chumvi vijiko vitatu kwa ubishi, na seli zao hazikurudi kabisa, jambo ambalo lilizua mjadala mzuri zaidi kuliko ule uliopangwa: nitajuaje kama seli imekufa? Ndipo mmoja wao akataja kachumbari. Mama yake hukamua vitunguu kwa chumvi ili kukata ukali, na maji yanayotoka ni ya zambarau. Kama rangi imetoka nje, alisema, basi mfuko umepasuka. Hakuna aliyemfundisha hivyo.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Slaidi mbili zilikauka tukiwa tunabishana. Kuna wanafunzi, si wachache, waliochora zambarau kama kiini kwa sababu ndicho kitu chenye rangi kilichokuwa katikati baada ya chumvi, na kosa hilo tulilitengeneza sisi. Kutoka kitunguu kwenda mwilini pia hakukuwa rahisi. Wapo waliokubali kwamba kitunguu ni seli tupu lakini wakabaki na msimamo kwamba mtu ni jambo lingine. Seli za shavuni, ambazo zingesaidia, mwalimu aliziacha kwa sababu ya wasiwasi wa kuchanganya mate ya watoto 60 bila dawa ya kutosha ya kusafishia vioo. Nakubaliana naye. Mfupa ulibaki na mashaka mpaka walipokumbushwa kwamba mfupa uliovunjika huunga, na kuungwa huko lazima kufanywe na kitu kilicho hai.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi lilikuwa mtihani. Kuchora seli ya mmea na kutaja sehemu zake ni swali ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hawezi kulikwepa, na mwongozo wa kusahihisha unataka mitokondria na kloroplasti. Mwanafunzi anayechora kwa uaminifu kile alichokiona kwenye kitunguu atapoteza alama. Mwalimu hakutaka kuwatoa kafara watoto kwa ajili ya kanuni yake. Alichofanya ni kugawa daftari: ukurasa wa kushoto ni wa kilichoonekana, na huko ni marufuku kuandika jina la kitu ambacho hukukiona. Ukurasa wa kulia ni wa kinachojulikana na wanasayansi kwa vifaa vingine, na huko ndiko kunakokaa mchoro wa kitabu, wenye majina yote. Kama kitu kiko kulia na hakiko kushoto, mwanafunzi anaandika sababu kwa sentensi moja. Kloroplasti: hazipo kwenye utando wa kitunguu. Mitokondria: ndogo mno kwa hadubini yetu.

Walipofanya jaribio la mwezi na kukutana na swali la kuchora seli ya mmea, kidole kilinyanyuka: "Madam, ya kitabuni au ya kitunguu?"

Alama za jaribio lile hazikupanda kwa namna ya kusimulia. Wale waliokuwa wanapata 9 waliendelea kupata 9. Kilichobadilika ni maswali. Kijana wa matofali, ambaye sasa hakuna aliyemcheka, alileta vitunguu viwili, kikubwa na kidogo, akitaka kujua kama kikubwa kina seli nyingi zaidi au kina seli kubwa zaidi. Darasa liligawanyika, wengi wakiwa upande wa seli nyingi. Mwalimu aliwaambia wapime. Hawakulinganisha vitunguu viwili, walilinganisha matabaka ya kitunguu kimoja, yale machanga ya katikati na yale manene ya nje, kwa rula ileile na hesabu ileile. Za nje zilikuwa ndefu kuliko za ndani, na hilo ndilo linalojulikana kuhusu kitunguu: kinanenepa zaidi kwa seli kutanuka kuliko kwa kuongezeka.

Basi na tembo ana seli kubwa, alidai mmoja kutoka nyuma. Hapana, kwa wanyama hadithi ni nyingine: seli za tembo na za panya hazipishani sana kwa ukubwa, ila tembo anazo nyingi mno. Kwa nini kitunguu kifanye hivi na tembo afanye vile? Mada ya ukuaji bado iko mbele sana kwenye masomo yao, lakini mwalimu alitenga kipindi kizima kwa ajili ya swali hilo.